Mbuzi Niliyempeleka Mubi

Ningekataa siku ile, safari hii nisingekuwa na haja ya kuifanya. Ndugu zangu waliketi uani kwangu, hapa Bihambwe, na kaka yangu mkubwa Bakungu akaniambia niwafungue mbuzi wa yule mgeni nimrudishie. Binti yangu Sifa alikuwa amekuja nyumbani na mwanamume mweupe, fundi wa zile ndege ndogo zilizokuwa zikitua juu ya barabara ya lami karibu na Mubi, kule Walikale, kubeba mawe ya madini kutoka mgodi wa Bisie. Sifa alikuwa akiwapikia watu wa ndege hizo. Jina la yule mwanamume lilitushinda, tukamwita Vito. Alileta mbuzi sita. Alikaa kwenye kigoda chetu magoti yakimfika kidevuni, akasema kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika kwamba anataka kuoa kama watu wa hapa wanavyooa.

Bakungu akasema, "Huyu hana ukoo. Akimupiga mutoto wetu, tutamushitaki kwa nani? Na bale batoto batazaliwa, batakuwa ba nani?"

Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari. Nilifundisha katekisimu, niliwaambia watoto wenu kwamba Mungu ni Baba wa wote. Lakini niliogopa kuchekwa sokoni. Niliinuka, nikawafungua mbuzi mmoja mmoja, nikamwekea Vito kamba zote mkononi. Sifa alinitazama mpaka nikamaliza. Kisha akachukua kamba tatu, mwenziwe akabaki na tatu, wakateremka kilima.

Wengi wenu mmeniuliza, tukitoka kanisani au tukiwa katika shamba la maharagwe, nilikuwa nimepotelea wapi. Naandika mara moja ili nisirudie kwa kila mtu.

Kutoka Bihambwe

Simu ilinikuta nikipalilia. Sauti ya msichana ikasema, "Koko, mie njo Riziki, mutoto wa Sifa."

Sikuwahi kuisikia sauti ile, wala kuitwa koko, yaani babu, na mtoto wa Sifa. Mama yake alikuwa ameshafariki, hilo nililijua, kwa maana habari ilinifikia baada ya mazishi. Baba yake alirudi kwao mtoto akiwa mdogo, kazi ya ndege ilipokwisha, na simu zake zikakoma.

"Jumamosi ya wiki inayokuya bantu ya bwana yangu banaleta mahari," alisema. "Upande wangu hakuna mutu. Baba yao mukubwa anasema hawezi kutoa mbuzi mbele ya kiti tupu. Anasema kama mie siko na ukoo, basi mie iko mutoto wa barabara, na kijana wao atafute mwingine."

Hakuwa akiomba. Alisema kama mtu anayesoma tangazo. Akaongeza, "Nilipigia Koko Bakungu. Alisema ataona."

"Mie siwezi sema nitaona," nilimjibu. "Nitakuya."

Nilikwenda kwa Bakungu jioni hiyo. Alikuwa akimenya viazi, hakuacha kisu.

"Ule mutoto wa ndege?" aliuliza. Ndivyo walivyomwita huku, bila kumwona. "Ukienda kukaa kwa kile kiti, unasema iko wetu."

"Njo ile naenda kusema."

"Basi enda peke yako."

Nilirudi zizini nikachagua mbuzi jike wa kahawia, mnene, mwenye pembe nzuri. Najua, mzee wa upande wa bibi harusi haendi na mbuzi, huenda kupokea mbuzi. Lakini sikuweza kwenda mikono mitupu kwa mtoto ambaye baba yake nilimfukuza na sita. Hapo ndipo nilipoanza kuleta fujo, kama mtakavyoona.

Dodo, yule kijana mwenye moto, ile pikipiki anayowapelekea wake zenu Sake, alinichukua kupitia Masisi hadi Nyabiondo. Mbuzi tulimtia ndani ya gunia, kichwa nje, tukamfunga nyuma yangu. Njia nzima alinipumulia shingoni.

"Papa Sifa," Dodo alipiga kelele katika upepo, "hii mbuzi unaenda kuoa nayo?"

"Naenda kuiuza Nyabiondo."

"Na huyu Sifa, mutoto wako wa kwanza, iko wapi? Mie sijamuona hata siku moja."

"Aliolewa mbali," nilisema. Huo ulikuwa uongo wa pili ndani ya kilima kimoja. Aolewe vipi, na mimi ndiye niliyewarudisha mbuzi? Nanyi nyote mmeniita Papa Sifa miaka hii yote, asubuhi na jioni, nami nimeitika kana kwamba jina hilo halina mwenyewe.

Gurudumu lilitoboka karibu na Masisi. Tulingoja kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza maharagwe na viazi, na juu yake kipande cha fromaji, jibini letu la Masisi. Ukutani palikuwa na kalenda ya picha ya msichana wa rangi ya maji ya kunde akitangaza mafuta ya ngozi. Dodo aliitazama muda mrefu.

"Mie nikipata feza, naoa metisi, chotara kama huyu," alisema. "Batoto yao banakuyaka bazuri kama ba kwa televizyo."

"Na atalima?" aliuliza yule mama. "Metisi atashika jembe hapa Masisi? Jua itamuunguza, utakuwa unamufunika na mwavuli kama askofu."

Watu walicheka. Nami nilicheka pamoja nao. Niliona aibu sahani ilipokwisha, si kabla.

Nyabiondo

Huko moto ziliishia. Mvua ilikuwa imebeba daraja la miti, na waliokuwa wakilitengeneza walikuwa wakingoja mbao, na wenye mbao walikuwa wakingoja kulipwa. Siku mbili zilikatika hivyo. Nililala kwa Mama Furaha, mwanamke mnene mcheshi anayepeleka kabichi na fromaji msituni na kurudi na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Alikuwa na vikapu vitatu vya kabichi tayari kwa safari. Asubuhi ya pili alikuta viwili.

Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya mbuzi wangu, mikono kiunoni, na mbuzi akiendelea kutafuna.

"Papa," alisema, "hii mbuzi yako iko na tabia ya serikali. Inakula, halafu inakuangalia kama weye njo ulikosa."

Niliomba radhi. Tukakubaliana nimbebee mizigo hadi Kibua. Daraja lilipopitika tulikodi chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, tukapakia vikapu na fromaji, na mbuzi juu. Kuteremka ilikuwa raha. Kupanda, mimi na mwenye chukudu tulisukuma, na Mama Furaha alitembea mbele akituimbia nyimbo za kwaya ili tusipate nafasi ya kulalamika.

Kashebere

Kamba ilikatiza barabara. Nyuma yake vijana wenye silaha, wengine wamevaa kandambili. Sitasema walikuwa wa kundi gani, na wao hawakusema.

"Muzee, hii mbuzi inaenda wapi?"

"Kwa rafiki."

"Basi umefika. Rafiki njo sisi."

Wenzake walicheka, na mmoja akainama kufungua fundo. Nilitazama vidole vile vikihangaika na kamba yangu. Niliwahi kuwafungua mbuzi kwa hofu. Sasa ningesimama kumtazama mwingine akinifungulia, kwa hofu ileile.

"Acha," nilisema. "Si ya rafiki. Iko ya mujukulu wangu. Anaolewa Mubi siku ya mposo, hii Jumamosi."

"Mujukulu gani?"

"Mutoto wa Sifa. Iko metisi. Baba yake Muzungu."

Kilikuwa kicheko kirefu. Mkubwa wao, kijana mwenye kovu juu ya jicho, alinizunguka akinikagua. "Weye? Hivi ulivyo mweusi kama chungu, uko na mujukulu Muzungu? Muzee, hata uongo inapashwa kufanana na mutu."

"Si Muzungu. Iko Muhunde," nilisema. "Iko wa kwetu."

Nilijisikia nikilisema, kwa sauti, mbele ya watu. Mama Furaha aligeuka kunitazama. Yule mwenye kovu aliacha kucheka, akakaa juu ya jiwe.

"Dada yangu iko na mutoto wa askari mugeni," alisema. "Baba alirudi kwao. Nyele yake inalala hivi. Nyumbani tunamuita Muhindi. Kila siku analia, anakataa kwenda masomo."

"Jina lake nani?"

Alifikiri. "Daniel."

"Bamuite Daniel."

Alitazama chini. Kisha akaondoa mkono wa mwenzake, akafunga lile fundo yeye mwenyewe, imara kuliko nilivyokuwa nimelifunga. Mama Furaha aliwaachia fromaji nzima, maana kamba haishushwi bure, lakini tulipita na mbuzi wetu.

Tulipofika mbali kidogo akasema, "Sasa, Papa, unieleze vizuri. Kabichi yangu ililiwa na mbuzi ya arusi, na hukuniambia?"

Msituni, hadi Walikale

Nilimweleza yote, tukitembea. Miti ya huko inafunga mbingu, na tope linavua kiatu bila kuomba ruhusa. Hakunihukumu. Alinieleza yake: yeye Muhunde kama mimi, mumewe wa kabila la Wanyanga, wa Kibua.

"Kwetu balisema, bale bantu ya pori banakulaka nyani, utapika nini? Kwao balisema, bale bantu ya milima banapenda ng'ombe kupita bibi, utakaa na nani? Sasa niko na batoto saba, na hakuna hata mumoja anajua kukamua ao kutega."

Kwake tulikula lituma, ndizi iliyopondwa, pamoja na samaki wa kufungwa katika majani na mafuta mekundu mengi mno kwa tumbo la mtu wa milima. Mume wake alinitania kwamba nakula kama mgonjwa. Nilikula tena ili nisiwaaibishe watu wa Masisi, na usiku nililipa.

"Na ule Muzungu," Mama Furaha aliniuliza tukiagana, "kwao balisema nini?"

Sikuwahi kujiuliza. Riziki alinieleza baadaye, kama alivyosikia kwa mama yake. Vito alimpigia mama yake mzazi, huko kwao kwenye baridi, akamwambia ameoa. Mama yule aliuliza: hao watoto watakuwa wa nani? Kisha akakata simu. Bakungu na mwanamke yule hawatakutana kamwe, wala hakuna anayejua lugha ya mwenzake, lakini walisema jambo moja.

Kutoka Kibua nilipanda juu ya lori la mafuta. Likanasa. Likanasuliwa, likanasa tena mbele ya macho ya watu walewale waliolinasua, nao wakadai walipwe upya. Jumamosi ilipambazuka nikiwa Walikale, mbuzi amelowa, mimi nimelowa, na kutoka huko hadi Mubi bado kulikuwa na mwendo. Mwenye moto mmoja alitazama mbuzi, akatazama suruali yangu, akasema hapana. Wa pili akasema, "Panda, Papa, hata mie nilioaka kwa matope."

Mubi

Sauti ya ngoma ilinionyesha nyumba. Nilipofika langoni nikimvuta mbuzi, vijana waliokuwa wakiwapokea wageni walipiga vigelegele. "Upande wa bwana, mumoja alibakiaka njiani, amefika!" Kabla sijafungua mdomo, mmoja alinipokonya kamba akampeleka mbuzi wangu kumfunga pamoja na mbuzi wa mahari. Mwingine alinishika kiwiko akaniketisha kwenye benchi la wakwe. Nikapewa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na sahani. Nilikuwa sijala tangu jana. Mungu anisamehe, nilikula kwanza.

Nilipoinua macho niliona upande wa pili wa uwanja. Kulikuwa na viti viwili. Katika kimoja aliketi mama wa makamo, jirani, ambaye baadaye nilijua ndiye aliyemwosha Sifa alipofariki. Cha pili kilikuwa kitupu, na juu yake kitenge kipya kimekunjwa vizuri.

Msemaji wa wakwe, Papa Kubuya, mzee mwembamba mwenye fimbo, alisimama. Alitazama mbuzi akaridhika. "Kumbe tumepita hesabu na mumoja. Sawa, haiharibu." Kisha akageukia vile viti. "Tuko tayari. Tunatoa kwa nani?"

Yule mama jirani akasema, "Munipe mie. Nimemukomalisha na mama yake."

"Mama, tunakuheshimu. Lakini weye si ukoo wake. Kesho kukitokea maneno kati ya hawa wawili, tutaenda kugonga mulango gani? Tutafuata ndege?"

Wengine walicheka, vijana hasa. Pazia la mlango lilitikisika, nikajua Riziki yuko nyuma yake, anasikia.

Nilisimama. Nikaanza kuvuka uwanja.

"Muzee," mmoja wa benchi letu alininong'oneza, "choo iko huku."

"Kasiksi imeshamupata," mwingine akasema.

Nilikitwaa kile kitenge, nikakiweka begani, nikakaa.

Papa Kubuya alinitazama, kisha akatazama benchi nililotoka, kisha akanitazama tena. "Papa, weye si wa upande wetu?"

"Mulinikaribisha, nikakula. Aksanti kwa chakula. Lakini mie njo Papa Sifa. Natoka Bihambwe."

Yule mama jirani alifunika mdomo. Papa Kubuya alikuja akasimama mbele yangu, fimbo kati yetu.

"Sifa alikaa hapa miaka mingi. Hatukukuona. Hata kwa kilio hatukukuona."

"Ni kweli."

"Basi nitakuuliza jambo moja, na unijibu mbele ya hawa wote. Baba ya huyu mutoto, ule Muzungu, alitoa mahari?"

"Alileta. Mbuzi sita. Nilizirudisha."

"Zote?"

"Zote. Nilizifungua na hii mikono."

"Hukubakiza hata moja? Hata ya kuchinja?"

"Hata kamba sikubakiza. Kamba nazo nilimupa."

Nilidhani atanifukuza. Nilikuwa nimesema mbele ya kijiji kizima jambo nililolificha hata kwa Dodo. Lakini Papa Kubuya aligeuka kuwatazama watu wake, uso umefunguka, kama mtu aliyetafuta ufunguo akaukuta shingoni mwake.

"Mumesikia? Hakuna mahari iliyopokelewa. Kwenu Masisi na kwetu Walikale sheria ni moja: mutoto ambaye baba yake hakukubaliwa mahari, si wa baba. Iko wa ukoo wa mama yake, kutoka kichwa mupaka kukucha. Huyu musichana si wa ndege. Si wa barabara. Iko wa huyu muzee kuliko hata batoto ba bana wake baume." Akanielekezea fimbo. "Kama ungepokea hata mumoja, leo tungepaswa kumutafuta Muzungu kwenye barafu ili apokee. Ulikataa kabisa, njo maana iko wako kabisa."

Ndugu zangu walikaa uani kwangu nusu siku ili mtoto wa Mzungu asiwe wetu. Hakuna hata mmoja wetu, wala Bakungu anayejua sheria zote za zamani, aliyeona kwamba kwa kuwarudisha mbuzi tulikuwa tukimfanya wetu pasipo mwingine wa kumdai. Nilicheka. Sikuweza kujizuia, na machozi yalitoka pamoja na kicheko.

Pazia lilifunguka. Riziki ni mrefu kama baba yake, nywele kama moshi wa kahawia, lakini alitembea akitupa bega la kushoto mbele, kama mama yangu mzazi, kama Sifa. Alisimama mbele yangu na kikombe cha maji. Hakutabasamu.

"Koko, umelowa."

"Lori ilinasa."

"Nilisikia mbuzi yako ilikwenda upande wa bwana."

"Baliipeleka benyewe."

"Basi enda uirudishe," alisema, na hapo ndipo tabasamu lilipotoka, pembeni tu ya mdomo, "hiyo kazi unaijua."

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Papa Kubuya alikataa katakata: mbuzi aliyefungwa na wenzake ni wa mahari, amehesabiwa, hatoki. Yule mama jirani akabishana naye kwa niaba yangu, na bwana harusi Heri, kijana mpole, akajaribu kuwapatanisha mpaka wote wawili wakamfokea. Mwisho ikakubaliwa. Papa Kubuya aliniletea kamba zote kwa pamoja, nami nikazipokea kwa mikono miwili, mbele ya watu wote, kwa jina la ukoo wetu. Hivyo nilipokea mahari ya mjukuu wangu, na mbuzi mmoja kati ya hao nilikuwa nimemleta mwenyewe. Huyo nilimwachia Riziki. Tulicheza mpaka vumbi likapanda, na nawaambia bila aibu kwamba mzee huyu alicheza kuliko vijana wa Mubi.

Kurudi

Sina mengi ya kusema juu ya kurudi. Bakungu alikuja zizini kwangu siku ya pili. Alihesabu mbuzi wageni kwa macho, akauliza, "Ni ba nani hawa?" Nikamwambia, "Mahari ya Riziki. Mumoja wako." Akamchukua mbuzi wake akaondoka, na Jumapili, pale mlangoni pa kanisa, nilimsikia akimwambia mtu, "Mujukulu wetu wa Mubi ameolewa vizuri." Wale waliokuwa karibu walisikia.

Lakini mliniuliza nini kilitokea, na hiki nacho kilitokea. Asubuhi baada ya harusi Riziki alinipeleka nyuma ya kanisa lao. Kaburi lina msalaba wa mti, na jina moja tu juu yake. Alinieleza kwamba mama yake alikuwa akikaa mlangoni kila lori la Masisi lilipofika, akisema anangoja mboga.

Kuwarudisha mbuzi wale kulinigharimu binti yangu. Tangu alipoteremka kilima chetu sikumwona tena, alikufa bila mimi kumwita mwanangu, na waliomzika walikuwa majirani.